MWENZI WAKO ANAPOUHATARISHA MWILI WAKE

Somo la familia

Maandiko ya kusoma nyumbani: 1 Samweli 25:2–38, 1 Wakorintho 6:19–20, Waefeso 4:15, 1 Timotheo 4:8

 

Mama mmoja alitujia baada ya ibada, akaomba tukae naye pembeni chini ya mwembe. Mume wake alikuwa ameanza kunyanyua vyuma pamoja na vijana wa mtaa. Mwanzoni mama alimshukuru Mungu, kwa sababu baba watoto aliacha kukaa bure na kuwaza mambo ya vita. Lakini siku moja alipokuwa akifua nguo alikuta sindano na vichupa vya dawa mfukoni. Akatuambia, "Nikinyamaza naogopa nitabaki mjane. Nikisema, nyumba inawaka moto. Nifanye nini?"

Haukupita muda, baba mmoja akatuletea shida iliyofanana na hiyo. Mke wake alikuwa akimeza vidonge vya kunenepesha kwa miezi mingi. Baba alivikuta chini ya godoro, akakasirika, akavitupa vyote chooni. Baada ya siku chache mama huyo alianza kutapika, akaishiwa nguvu hata kusimama hakuweza. Walimkimbiza hospitali, na kwa neema ya Mungu akapona. Baba alituambia akilia, "Nilidhani ninamwokoa, kumbe nilikuwa ninammaliza."

Wote wawili wameturuhusu tuyaseme haya bila kutaja majina yao. Tumeona tuandike somo hili kwa sababu nyumba zenye shida hii ni nyingi kuliko tunavyodhani. Jambo kubwa tunalotaka kulishika ni hili: upendo haunyamazi, wala haunyang'anyi kwa hasira. Upendo husema kweli kwa wakati wake, kisha humsindikiza mwenzi mpaka kwenye msaada.

1. MAZOEZI YENYEWE SI KOSA

Tusianze kwa kulaumu mazoezi. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo alikubali kwamba kuuzoeza mwili kuna faida kidogo, ingawa utauwa una faida kubwa zaidi. Mazoezi ya kiasi husaidia moyo, huleta usingizi na hupunguza mawazo mazito. Sisi tuliokimbia makwetu tunahitaji hayo yote.

Tena vijana wetu wana watu wa kuwaangalia. Mwaka 2024 timu ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini, ambayo shirikisho lake wakati huo liliongozwa na Luol Deng, ilicheza Olimpiki ya Paris na kuifunga Puerto Rico 90 kwa 79. Luol Deng mwenyewe alikuwa mtoto mkimbizi kule Misri kabla ya kufika Uingereza. Ni vizuri kijana aone kwamba mkimbizi anaweza kusimama mbele ya dunia. Shida huanza pale mtu anapotafuta njia ya mkato, na kuificha.

2. KWA NINI MWENZI HUFANYA HIVI?

Kabla ya kuhukumu, tuulize. Wengi wetu tumeona njaa. Katika jamii zetu mtu akikonda, majirani huanza kunong'ona kwamba ana UKIMWI au kifua kikuu, au kwamba mume wake hamtunzi. Mwanamke mnene huhesabiwa kuwa ametulia na anapendwa. Kwa Wadinka, tangu zamani vijana walikuwa na msimu wa kukaa na ng'ombe na kunywa maziwa mengi ili miili iwe mikubwa, na mieleka ni heshima kubwa kwao na kwa Wamundari mpaka leo. Mwili mkubwa ni sifa. Lakini sisi wa makazini hatuna ng'ombe, na chakula cha mgao hakitoshi. Basi mtu anatafuta dukani kile ambacho sahani haikumpa.

Kwa wanaume kuna jambo jingine. Mtu aliyekuwa na shamba, ng'ombe au duka, leo anapanga foleni akiwa na kadi ya mgao. Amepoteza mengi, na mwili ndiyo mali iliyobaki mkononi mwake. Wengine wanatafuta kazi ya ulinzi, na wanaamini kwamba mwenye kifua kipana ndiye anayechukuliwa. Kwa hiyo nyuma ya sindano ile mara nyingi kuna aibu na hofu. Ukiishambulia sindano bila kuigusa hofu, atatafuta sindano nyingine.

3. TUZIJUE HATARI ZENYEWE

Hatuwezi kusema kweli tusiyoijua. Tuangalie mambo manne.

(a) Vidonge vya kunenepesha. Kwa miaka mingi wanawake wa Sudan na wa Kongo wamekuwa wakitumia vidonge hivi, na vimefika kwetu pia. Mara nyingi ndani yake kuna dawa iitwayo deksamethasoni, au siproheptadini, au zote mbili. Deksamethasoni ni dawa nzuri mkononi mwa daktari. Mwaka 2020 uchunguzi uliofanywa Uingereza ulionyesha kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa mahututi wa Korona. Lakini ukiimeza ovyo, unene unaopata ni maji na mafuta ya uso na tumbo, si afya. Hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa, na hushusha kinga ya mwili, hata kifua kikuu kilicholala kikaamka. Ukiichanganya na dawa za maumivu kama diklofenaki, inaweza kutoboa tumbo. Siproheptadini ni dawa ya mzio, nayo huleta usingizi. Mwenye kuendesha boda boda au kupika penye moto yuko hatarini.

Tena sikilizeni vizuri hapa. Mwili wenyewe hutengeneza dawa ya namna hii katika tezi ndogo zilizo juu ya figo. Mtu akimeza deksamethasoni kwa wiki nyingi, tezi hizo hulala. Akiacha ghafla, mwili unabaki mtupu. Hapo huja udhaifu mkubwa, kizunguzungu, kutapika, maumivu ya tumbo na kuzirai, na anaweza kufa. Ndiyo maana kuvitupa vidonge chooni kulimletea mama yule hatari. Dawa hii huachwa polepole, kwa kupunguzwa na daktari.

(b) Sindano za misuli. Hizi huwa na homoni za kiume. Misuli hukua, lakini mwili ukiona homoni inatoka nje huacha kutengeneza ya kwake. Mbegu za uzazi hupungua, na mwanaume anaweza kukosa mtoto. Moyo na ini huumia, na wengine huwa wakali nyumbani bila sababu. Wakichangia sindano, wanaweza kuambukizana virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya B.

(c) Joto. Mwezi Februari 2025 serikali ilifunga shule kwa wiki mbili kwa sababu wanafunzi walikuwa wakizirai kwa joto hapa Juba. Kama mtoto aliyekaa darasani alianguka, itakuwaje kwa baba anayekimbia saa nane mchana akiwa amevaa koti zito ili atoe jasho? Mtu akichanganyikiwa na mwili wake ukawa wa moto sana, mpelekeni kivulini, mmwagie maji, mpepeeni, na mtafute msaada haraka. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, hiyo ni dalili kwamba misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Asingoje kesho.

(d) Kujinyima chakula na maji. Wapo wanaotaka kupungua haraka kwa vidonge vya kuharisha, au kwa kushinda bila chakula siku nyingi. Huo si mfungo wa kiroho. Mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza kujidhuru yeye na mtoto.

4. MFANO WA ABIGAILI

Abigaili alikuwa na mume mwenye kiburi, jina lake Nabali. Nabali alimtukana Daudi, na kwa neno hilo moja akaiweka nyumba yake yote katika hatari ya upanga. Tuangalie mambo matatu aliyofanya mke wake.

Kwanza, hakusema, "Yeye ni kichwa cha nyumba, acha iwe." Alipopata habari aliharakisha kuokoa maisha. Utii wa ndoa si kunyamaza mbele ya mauti.

Pili, aliangalia wakati. Alirudi akamkuta Nabali amelewa karamuni, hakumwambia neno lolote. Alingoja asubuhi, divai ilipokuwa imemtoka, ndipo akamweleza yote bila kumficha.

Tatu, hakubeba moyo wa Nabali. Alifanya sehemu yake, na mambo ya Nabali yakabaki kati yake na Mungu. Jambo hili linauma, lakini linawafungua wengi wanaojilaumu usiku kucha.

5. HATUA ZA KUFUATA

1. Omba kwanza, ukitulia. Ukienda na hasira, atasikia hasira tu.

2. Chagua wakati na mahali. Usiseme mbele ya watoto, wala mbele ya rafiki zake wa mazoezi, wala anapotoka tu kunyanyua vyuma. Ngojeni watoto walale, mkae wawili.

3. Anza na upendo, kisha sema ulichoona. Kwa mfano: "Baba watoto, nimefurahi kukuona una nguvu tena. Lakini nimeona sindano, na ninaogopa. Sitaki watoto wetu wakukose. Hizo dawa ulizipata wapi?" Au mume aseme: "Mama watoto, mimi nilikupenda ulipokuwa mwembamba tukiwa njiani, na ninakupenda leo. Nani alikuambia hutoshi?" Maneno haya hufungua mlango ambao kelele huufunga. Kisha usikilize, hata jibu likikuchoma.

4. Usitupe dawa kwa siri. Mwambie mwende pamoja kliniki au hospitali, mkiwa na pakiti, kichupa au kidonge chenyewe. Mwelezeni daktari ukweli wote: ni dawa gani, kwa muda gani, mara ngapi kwa siku. Hata mkienda kwa malaria au kujifungua, msifiche jambo hili. Zile dalili za kutapika na kuishiwa nguvu zikianza, nendeni siku hiyo hiyo.

5. Wekeni mipaka ya nyumba. Fedha ya chakula na ya shule isinunue vichupa. Dawa zikae mbali na watoto. Sindano isitumiwe na mtu wa pili, na isitupwe wazi.

6. Mpe njia iliyo bora. Mfanye mazoezi pamoja, alfajiri kabla jua halijawa kali, na maji yawepo. Maharagwe, karanga, dagaa, mayai yakipatikana, na usingizi wa kutosha hujenga mwili polepole kwa usalama. Mtu aliyekonda bila sababu apimwe. Huenda ni minyoo, kifua kikuu, au sukari. Ugonjwa hautibiwi kwa kunenepeshwa.

6. ASIPOSIKIA

Wengine hawatasikia mara ya kwanza. Tafuta mtu mmoja anayemheshimu: mzee wa kanisa, shemeji, au mwalimu wake wa mazoezi. Nenda kwa huyo mmoja, wala usitangaze shida yake kisimani, kwa sababu aibu ndiyo iliyomfikisha hapo. Akiwa mkali na kukupiga, toka na watoto mwende mahali salama, kisha utuite. Kanisa halitakuambia urudi kuvumilia kipigo.

Nasi wengine tuna sehemu yetu. Tuache kumsalimu dada kwa kusema, "Mbona umekonda hivi, mume hakulishi?" Tuache kumcheka ndugu mwembamba. Ulimi wetu umewapeleka wengi kwenye maduka hayo. Paulo anatufundisha kwamba miili yetu ni hekalu la Roho, na kwamba tulinunuliwa kwa thamani. Basi aliyekwisha kununuliwa kwa thamani hiyo asidharauliwe kwa sababu ya kilo zake.

Yule baba wa vidonge na mke wake bado wanaendelea na daktari, ambaye anampunguzia mama dawa kidogo kidogo. Mume humhesabia vidonge kila asubuhi kwa mkono ule ule uliovitupa. Yule mama wa sindano amekwisha kuzungumza na mume wake mara moja. Mume hajaziacha, lakini amekubali kwenda kupimwa. Tuzidi kuwaombea.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Je, kuna maneno tunayoambiana kuhusu miili yetu ambayo yanaumiza?
2. Kwa nini Abigaili alingoja mpaka asubuhi? Sisi huzungumza wakati gani?
3. Je, kuna dawa ndani ya nyumba yetu ambayo mwenzi mmoja haijui?
4. Tukipata shida hii, ni nani mmoja tunayeweza kumwendea kwa siri?

TUOMBE

Bwana, wewe uliyetutoa katika vita na njaa, tufundishe kuitunza miili uliyoiokoa. Wape wenye hofu ujasiri wa kusema, na wenye kuficha ujasiri wa kufunua. Uzilinde nyumba zetu. Amina.