Kwa Nini Mtuhumiwa Ameachiwa? Somo Juu ya Kazi ya Mwendesha Mashtaka



Swali ambalo kamati za parokia za Kilosa na Mikumi hutuuliza mara nyingi kuliko mengine ni hili: "Mwizi tulimkamata wenyewe, tukampeleka polisi, baada ya miezi michache tunamwona sokoni. Je, hii ni haki gani?" Jibu linalotolewa haraka vijijini ni rushwa. Wakati mwingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi kesi ilikuwa imeshakufa kabla haijafika mezani kwa hakimu, na waliochangia kuiua ni pamoja na sisi wananchi bila kujua. Kwa sababu hiyo toleo hili tunazungumzia mtu ambaye wengi hatumfahamu vizuri, yaani mwendesha mashtaka wa serikali.

Polisi hupeleleza, hakimu huamua. Katikati yao anasimama mwendesha mashtaka, ambaye husoma jalada la polisi na kuamua kama kuna ushahidi wa kutosha kumshtaki mtu, na kwa kosa lipi. Kwa miaka mingi hapa kwetu kazi hiyo katika mahakama za wilaya ilifanywa na askari polisi wenyewe. Aliyekamata na aliyeshtaki walikuwa wa nyumba moja, na ni vigumu mtu kumwambia mwenzake wa ofisi moja kwamba kazi yake haijatosha. Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya mwaka 2008 ilikuja kutenganisha kazi hizo mbili, mawakili wa serikali wakaanza kupokea kesi kutoka kwa polisi hatua kwa hatua. Mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ilifanywa kuwa ofisi inayojitegemea, chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wengi tunamwita DPP.

Katiba yenyewe inamtaja. Ibara ya 59B, iliyoingizwa mwaka 2005, inasema Mkurugenzi wa Mashtaka atakuwa huru, hataingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote, na atazingatia mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Wanakamati watambue kwamba kushinda kesi hakumo katika mambo hayo matatu. Mwendesha mashtaka anayekataa kumshtaki mtu asiye na hatia amefanya kazi yake sawasawa na yule aliyemfikisha jambazi gerezani.

Sasa turudi Munisagara. Tuchukue mfano wa ng'ombe walioibwa usiku katika bonde la Mkondoa. Mwenye mifugo anasema alimwona mwizi na anamfahamu. Mahakamani ataulizwa: kulikuwa na mwanga gani, taa au mbalamwezi? Ulikuwa umbali wa hatua ngapi? Ulimtazama kwa muda gani? Ulimfahamu kabla? Maswali hayo hayatungwi na wakili wa mshtakiwa ili kumsumbua mzee wa watu. Yametokana na uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ambao mahakama zetu hadi leo huufuata katika kesi za utambuzi. Swali jingine hufuata: ulimtaja kwa nani, na lini? Aliyekaa wiki nzima bila kumtaja mtu anayemfahamu kwa jina, ushahidi wake hutiliwa shaka.

Wakipatikana ng'ombe, mwenye mali ataje alama zao kabla ya kuonyeshwa. Akisema "ni huyu" baada ya kuonyeshwa, amelegeza kesi yake mwenyewe. Polisi nao wanapopekua nyumba na kuchukua mali wanatakiwa kuandika hati, na awepo shahidi ambaye si askari, ambaye mara nyingi ni mwenyekiti wa kitongoji. Hapa ndipo tunapoona udhaifu mkubwa. Mwenyekiti anatia saini bila kusoma, au analetewa karatasi nyumbani kesho yake, kisha siku ya kesi hakumbuki alichoona. Na mtu aliyeumizwa aende polisi achukue fomu ya PF3 mapema, kwani jeraha lililopona halisomeki vizuri mbele ya hakimu.

Huko upande wa Mikumi ziko kesi za nyara za serikali kutokana na ujangili. Hizi huangukia Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984 na haziwezi kusikilizwa bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Kibali kikikosekana au kikiandikwa vibaya, kesi yote hubatilika, hata kama pembe zilipatikana chini ya kitanda.

Wasomaji wa Kilosa hatuna haja ya kuwaeleza kinachotokea haki inapoonekana iko mbali. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na mwaka 2008 damu ikamwagika tena wilayani. Vyanzo vya ugomvi ule ni vingi, ardhi na maji vikiwa mbele. Lakini kila upande ulikuwa umeshaamini kwamba kupeleka lalamiko ofisini ni kupoteza nauli, na anayeamini hivyo huchukua panga au mkuki.

Hata hivyo, tusimpambe mwendesha mashtaka kupita kiasi. Madaraka yake ni makubwa na yanaweza kuumiza. Anaweza kuifuta kesi wakati wowote kabla ya hukumu, bila kuomba ruhusa ya mahakama. Wenzetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, waliweka sharti kwamba mahakama iridhie kwanza. Sisi tunaona wao walifanya vema. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walikaa mahabusu miaka mingi wakisikia kwamba upelelezi haujakamilika, hadi mashtaka yao yalipofutwa mwezi Juni 2021. Miaka ile hakuna aliyewarudishia. Zamani pia hati ya DPP ilitosha kumnyima mtu dhamana, hakimu asiwe na la kusema. Wakili Jeremia Mtobesya alilipinga jambo hilo, Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 2015 na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2018. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili, kwa makosa mengi, mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Makosa makubwa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu yaliachwa nje ya zuio hilo, na huko ndiko mahabusu hukaa muda mrefu zaidi.

Baadhi ya wafadhili wetu wameuliza shirika la maendeleo linahusikaje na mambo ya mahakama. Tunajibu kwa hesabu ndogo. Shahidi wa Munisagara anayeitwa Kilosa mjini anapoteza siku nzima ya shamba, na kesi ikiahirishwa anapoteza ya pili na ya tatu. Mjane hawezi kwenda mara nne. Asipofika, wakili wa serikali hana cha kumwonyesha hakimu, na yule aliyemdhulumu shamba anarudi kijijini akicheka. Sheria ya mwaka 2015 ya ulinzi wa watoa taarifa na mashahidi ipo, lakini bado wapo wanaoogopa kutaja jina la jirani.

Kwa hiyo tunaziomba kamati ziteue mtu mmjoa, anayejua kusoma na kuandika vizuri, awe na daftari la mashauri. Aandike tarehe ya tukio, nani alimtaja nani na saa ngapi, namba ya jalada iliyotolewa polisi, na tarehe za kuitwa mahakamani. Kesi ikifutwa, aende na mlalamikaji kwa wakili wa serikali anayeishughulikia, waulize kwa heshima sababu ni nini, na jibu waliandike katika daftari hilo.