Kupanga Upya na Kupima Fomu za Mtandaoni

Mkazi wa Peramiho anayeomba leseni ya biashara kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI haoni msimbo wa kompyuta. Huona visanduku vya kujaza, vitufe na ujumbe. Katika mfumo wowote, kipande kimoja kikiharibika, ombi hukwama na mwananchi hulazimika kufunga safari hadi ofisini.

Mfano mzuri ni kisanduku cha namba ya NIDA. Namba hiyo ina tarakimu 20, na kwenye kitambulisho hutenganishwa kwa vistari. Iwapo fomu 5 zina visanduku 5 vilivyoandikwa kila kimoja kivyake, kimoja chaweza kukubali vistari na kingine kuvikataa.

Hatua ya kwanza ni kuandika majaribio: tarakimu 20 zikubaliwe, zikiwa na vistari au bila vistari, tarakimu 19 zikataliwe kwa ujumbe wa Kiswahili unaotaja kilichopungua. Hatua ya pili ni kurekebisha kisanduku kilichoshindwa. Hatua ya tatu ndiyo kupanga upya: visanduku vyote huunganishwa kuwa kipande kimoja, na majaribio yaleyale hurudiwa kuthibitisha kwamba huduma haikubadilika.

Mwananchi anayekwama anaombwa kunakili ujumbe aliouona na hatua aliyofikia. Taarifa hiyo humwezesha mtaalamu wa TEHAMA kuongeza jaribio jipya, ili kosa hilo likirudi ligundulike kabla halijamfikia mwombaji mwingine.