Kipanya Kisicho na Waya Kikigoma

Tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo ilikuwa mwisho wa matunzo ya kawaida ya mfumo wa Windows 10, na kwa ajili hiyo kompyuta nyingi zimehamishiwa Windows 11. Baada ya kuhama, pengine mtu huona jambo la ajabu: kipanya kisicho na waya, kilichofanya kazi vizuri jana, leo hakiendi, au chaenda kwa kusitasita. Wengine hukimbilia dukani kununua kingine. Fedha hupotea bure, maana huenda kile cha kwanza ni kizima.

Yafaa tufahamu ya kuwa kazi ya kipanya hiki hupita mahali patatu. Pa kwanza ni kipanya chenyewe na betri yake. Pa pili ni hewani, ambamo habari husafiri kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Pa tatu ni kompyuta: huzipokea habari hizo kwa kipokezi kidogo kilichochomekwa katika tundu la USB, au kwa Bluetooth, kisha programu iitwayo draiva huzifasiri. Mfumo mpya hugusa mahali pa tatu tu. Basi tutafute kwanza ubovu uko wapi.

Kwanza, tia betri mpya, kisha kijaribu kipanya katika kompyuta nyingine. Kikigoma huko pia, ubovu ni wake au wa kipokezi chake, wala mfumo mpya hauna kosa. Usimlaumu dobi, kaniki ndiyo rangi yake.

Pili, kikienda vizuri huko, rudi kwenye kompyuta yako ukichomeke kipokezi katika tundu jingine. Usikiweke karibu na diski ya nje ya USB 3, kwani vifaa vya namna hiyo hutoa makelele ya redio yanayoingilia mawimbi ya kipanya.

Tatu, kikiwa ni cha Bluetooth, kifute katika orodha ya vifaa vya Bluetooth, halafu kiunganishe upya kama kigeni.

Nne, itazame draiva. Huna kipanya, lakini kibodi yatosha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, kisha M. Orodha ya vifaa vyote itafunguka. Tembea humo kwa Tab na vitufe vya mishale. Kiondoe kipanya katika orodha, uizime kompyuta na kuiwasha tena. Itakitambua upya na kukitafutia draiva yenyewe.

Tano, kama chasitasita tu, huenda kompyuta inakata umeme wa tundu la USB ili isimalize betri yake. Katika orodha ile ile, fungua sifa za kitovu cha USB, uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kukizima.

Fanya jambo moja, ujaribu kipanya, ndipo uendelee na jingine. Ukifanya yote kwa pamoja, kipanya kitapona, wala hutajua dawa ipi iliyokiponya. Kikigoma tena utaanza mwanzo.

Swali la kujipima: Kipanya cha Bluetooth chaenda vizuri katika kompyuta ya mwenzako, lakini yako haikioni kabisa. Utaanzia wapi, na kwa nini?