Majani Yanapogeuka Rangi: Chunguza Kabla ya Kununua Dawa

Jani la mboga linapogeuka manjano, walaji wengi hukimbilia duka la pembejeo na kuomba "dawa", na muuzaji naye huwauzia. Yafaa ifahamike kwamba mboga iliyopandwa kwenye ndoo au kiroba mara nyingi hugeuka rangi kwa sababu ya maji au lishe. Kiuatilifu hakitibu hata kimoja kati ya hivyo viwili. Huongeza gharama, na kuacha sumu juu ya jani litakaloliwa na familia.

Anza na maji. Chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Udongo ukiwa chepechepe ilhali mmea umenyauka na kuwa manjano, mizizi imekosa hewa. Toboa matundu chini ya ndoo, iinue juu ya matofali, na usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke.

Kisha tazama ni jani lipi lililoanza. Mmea unaopungukiwa naitrojeni huihamisha kutoka majani makongwe kwenda machanga, hivyo majani ya chini hupauka kwanza, jani zima. Jambo hili ni la kawaida katika vyombo vidogo, kwa kuwa umwagiliaji wa kila siku huondoa virutubisho. Samadi iliyooza vizuri hutosha. Anayetumia urea, yenye naitrojeni 46%, ayeyushe kijiko kimoja cha chai kisichojaa katika lita 10 za maji na kumwagilia udongo ulio na unyevu, si majani. Lakini yakiwa majani machanga ndiyo ya manjano na mishipa imebaki kijani, mmea haupati madini ya chuma. Mara nyingi majivu yamezidi kwenye udongo, na urea haitasaidia.

Kingo za majani zikikauka na kuwa kahawia, shuku chumvi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaomwagilia kwa maji ya kisima hukutana na tatizo hili, na pia yeyote aliyezidisha mbolea. Ukoko mweupe juu ya udongo ni dalili nyingine. Mwagilia maji ya mvua kwa wingi hadi yatiririke chini ya chombo.

Mwisho, geuza jani. Vidoa vidogo vya manjano pamoja na utando mwembamba ni kazi ya utitiri. Osha upande wa chini kwa maji yenye msukumo, na urudie baada ya siku chache. Ukilazimika kununua kiuatilifu, soma kwenye kibandiko kama kimesajiliwa kwa zao lako, na siku ngapi zapaswa kupita kabla ya kuvuna. Mchicha na giligilani huchumwa kila baada ya siku chache. Ikiwa huwezi kusubiri muda huo, usikinunue. Kataa kabisa dawa au mbolea iliyopimwa kwenye mfuko usio na kibandiko, hata ikiuzwa kwa bei nafuu, na udai risiti kwa kila ununuzi, kwani bila hiyo ni vigumu kwa Mamlaka kumfuatilia muuzaji.