KUONDOA UKOKO WA CHOKAA KATIKA VIGAE NA MAUNGIO YAKE

Watumishi wa umma na wakazi wote, wakiwamo wa Saza katika Mkoa wa Songwe, wanaelezwa hapa namna ya kuondoa ukoko mweupe unaoganda juu ya vigae vya bafu, choo na jiko.

Ukoko huo si uchafu wa kawaida, ndiyo maana sabuni haiuwezi. Ni chokaa iliyoyeyuka katika maji yapitayo kwenye miamba, ikabaki maji yakaukapo. Katika bonde la Mto Songwe chemchemi za maji ya moto zimejenga kwa njia hiyo hiyo matabaka makubwa ya mawe ya chokaa, yafaayo kutengenezea saruji. Yatokeayo bafuni ni hayo hayo kwa kipimo kidogo.

Chokaa huyeyushwa na asidi hafifu, kama vile siki au maji ya ndimu. Lakini saruji ya maungio nayo ina chokaa ndani yake, asidi haichagui. Kwa hiyo maungio yaloweshwe kwanza kwa maji matupu ili yasinyonye asidi. Kisha siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa ipakwe juu ya ukoko, iachwe dakika 10, isuguliwe kwa brashi ya nailoni na kusuuzwa kwa maji mengi. Ukoko mnene urudiwe mara kadhaa. Kuongeza ukali wa dawa ni kuharibu maungio. Brashi ya waya isitumike, kwa kuwa hukwaruza kigae na kuacha kutu. Sakafu ya marumaru halisi isiguswe kabisa na siki wala ndimu, maana jiwe lenyewe ni chokaa.

Jambo la hatari lisilosameheka ni kuchanganya asidi ya aina yoyote, hata siki, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini, ambayo huunguza mapafu na katika chumba kidogo yaweza kuua. Wakuu wa ofisi wahakikishe wafagizi wao wanalijua hili, wamepewa glavu, na madirisha yako wazi wakati wa kazi.

Iwapo unga mweupe utarudi kwenye maungio baada ya siku chache, huenda siki haina kosa. Yawezekana maji yanapenya kutoka nyuma ya ukuta au chini ya sakafu, na aitwe fundi bomba.