Maswali na Majibu: Msawazo wa Roboti ya Miguu Miwili

(Tumia g = 10 m/s². Chukulia kimo cha kitovu cha graviti hakibadiliki.)

1. Roboti iliyosimama tuli huanguka lini? (alama 2)
Mstari wima kutoka kitovu cha graviti unapotua nje ya eneo la tegemeo, yaani nyayo mbili na nafasi iliyo kati yake. Ikiinua mguu, hubaki unyayo mmoja tu.

2. Kwa nini kanuni hiyo haiitoshi roboti inayotembea? (alama 2)
Kwa sababu mwili una mchapuko. WABOT-1 ya Chuo Kikuu cha Waseda, Japani (1973), iliifuata kanuni hiyo, ikawa inatembea polepole mno.

3. Nukta ya momenti sifuri ni nini? (alama 3)
Ni nukta sakafuni ambapo momenti za uzito na za inesha zinazoweza kuupindua mwili hujumlika kuwa sifuri. Wazo hili ni la Miomir Vukobratović wa Yugoslavia. Nukta ikiwa ndani ya unyayo, unyayo hutulia bapa. Ikifika ukingoni, unyayo huanza kuinuka. ASIMO ya Honda (2000) ilitembea kwa kuilinda nukta hii.

4. Kitovu kiko mita 0.8 juu ya sakafu, wima juu ya kifundo cha mguu, kinachapuka mbele kwa 1 m/s². Kisigino kiko sm 6 nyuma ya kifundo. Je, unyayo utatulia? (alama 4)
Nukta husogea nyuma: d = ha/g = 0.8 × 1 ÷ 10 = sm 8.
8 > 6, hivyo vidole vitainuka.
Mchapuko wa juu unaoruhusiwa: a = gd/h = 10 × 0.06 ÷ 0.8 = 0.75 m/s².

5. Roboti yenye kitovu cha kimo cha mita 0.9 imesukumwa, inakwenda 0.5 m/s. Ikanyage wapi ili isimame? (alama 3)
d = v√(h/g) = 0.5 × 0.3 = sm 15 mbele ya nukta iliyo chini ya kitovu. Hatua ikipungua, italazimika kupiga nyingine. Ikizidi, mwili utarudi nyuma.

6. Roboti ipi ni rahisi kusawazisha, ndefu au fupi? (alama 3)
Wengi hujibu "fupi" na kupoteza alama. Kwa unyayo uleule, fupi huhimili kuinama zaidi ikiwa imesimama tuli. Lakini muda wa kuanguka hufuata √(h/g): sekunde 0.3 kwa mita 0.9, sekunde 0.2 kwa mita 0.4. Ndefu hupata muda zaidi wa kujirekebisha. Ndiyo maana ufagio husimama kiganjani kwa urahisi kuliko penseli. Taja pande zote mbili.