Jiwe la Kusagia

Torati ya Musa haikumkataza Mwisraeli kukopesha. Ilimkataza kumtoza ndugu yake maskini riba, na kumnyang'anya kitu kinachomwezesha kuishi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, imeamriwa kwamba jiwe la kusagia lisitwaliwe kuwa rehani, la chini wala la juu. Sababu ni wazi: nyumba isiyo na jiwe haina unga, na nyumba isiyo na unga itamlipaje mdai? Tena mdai asiingie nyumbani mwa mdeni ili ajichagulie rehani. Asimame nje, mwenyewe amletee. Na kama rehani hiyo ni vazi la maskini, airudishe jua linapokuchwa, ili mwenye nalo apate kujifunika usiku.

Mdai mwenye mali, naye anasimama nje ya mlango wa fukara na kungoja! Yafaa mwalimu akawie hapo kidogo mbele ya wanafunzi wake.

Katika miji ya Kongo kuna ukopeshaji ambao watu huuita banque Lambert, ingawa hapo hapana benki wala karani. Anayeuendea si lazima awe mpenda anasa. Pengine ni mama ambaye mtoto wake amepona, lakini hospitali haimruhusu kutoka mpaka gharama zilipwe. Pengine ni baba aliyekatiwa umeme. Mtu akikopa franka 100,000 kwa riba ya nusu kila mwezi, mwisho wa mwezi anadaiwa 150,000. Asipokuwa nazo, hulipa riba peke yake, franka 50,000, apate kungojewa mwezi mwingine. Akifanya hivyo miezi sita ametoa franka 300,000, na deni la kwanza liko vile vile, halikupungua hata franka moja.

Jiwe la kusagia nalo limepata sura mpya. Huko Afrika ya Kusini, wakopeshaji wa mitaani waitwao mashonisa walizoea kushika kadi ya benki ya mdeni pamoja na namba yake ya siri. Siku ya mshahara walitangulia wao kutoa fedha. Mwenye kazi alipewa mabaki, akalazimika kukopa tena. Sheria ya mikopo ya nchi hiyo, ya mwaka 2005, imeharamisha desturi hiyo. Musa angeielewa mara moja.

Kanisa halikuishia katika kukemea. Mwaka 1462, mjini Perugia katika Italia, ilianzishwa kwa juhudi ya Wafransisko nyumba ya kukopesha maskini kwa rehani, nayo iliitwa Monte di Pietà. Nyumba za namna hiyo zilipotoza kidogo kwa ajili ya gharama za kazi, wanateolojia walibishana sana kama hiyo nayo si riba. Baba Mtakatifu Leo X, katika Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1515, aliamua kwamba malipo ya gharama tu, pasipo kutafuta faida, ni halali.

Huku Kongo akina mama wengi wana likelemba: kila mmoja hutoa sehemu yake, na wote hupokea kwa zamu, bila riba. Lakini zamu haijui siku ya ugonjwa. Kwa hiyo vikundi vingine huweka kisanduku cha pembeni, ambacho hufunguliwa kwa msiba au kwa mgonjwa tu, hata kama zamu yake ingali mbali.